Iulize meinfremu yenyewe: mwongozo kamili wa kupata na kutafuta msaada uliomo ndani ya TSO, ISPF, SDSF na wenzao

Juzi kama saa nne za usiku binti wa shangazi yangu kanipigia simu kutoka Wete, sauti imeshamkauka. "Kaka, limenigomea hili, kila nikitaka kuifuta ile dataseti (faili la meinfremu) linanambia inatumika, inatumiwa na nani na mie niko peke yangu?" Nikamuuliza umebonyeza F1? Kimya. Bonyeza bas. Akabonyeza, ikatoka sentensi ndefu, nikamwambia nisomee yote usiruke neno, akasoma mpaka mwisho, na mwishoni imeandikwa kuwa ukitaka orodha ya majobu (kazi ulizoipa mashine ziendeshwe) na watumiaji walioishika hiyo dataseti andika HELP. Nikamwambia haya bonyeza F1 tena. Kimya chengine, kirefu zaidi. "Kaka... ni jobu yangu mwenyewe ya tokea alasiri."

Saa mbili nzima kahangaika, na jibu lilikuwa mbali naye kwa kubonyeza kitufe mara mbili tu.

Ndo nikaona niyaandike haya. Wengi wetu huku visiwani tunaosomea meinfremu, ile kompyuta kubwa ya mabenki na maofisi makubwa, tunasoma kwa mbali, wengine wameshapata vibarua vya nje, na bwana wa kumuuliza hayupo, au yupo lakini kwao saa hizo kalala. Lakini hii mashine inajieleza sana. Shida ni kuwa haina dirisha moja la msaada kama programu za simu, ndani yake kuna programu nyingi na kila moja ina msaada wake na namna yake ya kuulizwa. Kwa hiyo popote ulipokwama kitu cha mwanzo ujiulize nani anaongea na mie sasa hivi? ISPF, mwenye menyu na paneli? TSO, pa kuandikia komandi? JES, mpokeaji wa majobu? RACF, mlinzi? Ukimjua mwenye nyumba ndo utajua hodi uipige mlango gani.

Kwanza kibodi, usicheke

Nusu ya watu wanaonambia "F1 haifanyi kazi" tatizo liko kwenye laptopu. Laptopu nyingi F1 yake imegeuzwa kuwa ya kuzima sauti au kupunguza mwanga, inabidi ushike Fn pamoja na F1. Na kama emuleta yako (ile programu inayokuonesha skrini ya meinfremu) unaifungulia ndani ya brauza basi F1 inaweza ikachukuliwa na brauza yenyewe, ikufungulie ukurasa wa msaada wa brauza, wewe unashangaa. Hapo tafuta kwenye menyu ya emuleta vile vitufe vya kubonyeza kwa mausi, kimoja kitakuwa kimeandikwa PF1, ni kitu kile kile.

Ukiona chini kushoto imetoka alama ya X na kibodi haikubali kuandika, umeandika pahala pasipoandikwa. Bonyeza Reset (emuleta nyingi ni Ctrl ya kushoto, ila angalia yako imepangwaje). Ukiona nyota tatu *** chini ya maandishi hapo haijaganda, inakungoja wewe ubonyeze Enter iendelee. Nimeona mtu kafunga laptopu na kufungua upya kwa ajili ya nyota tatu.

Na nikisema kishale nakusudia kile kinachomeremeta pale unapoandika. Wapo wanaokiita kasa, sie kasa tunamjua yule wa Nungwi.

F1 moja, F1 mbili, F1 tatu

ISPF ikikukatalia jambo, juu kulia kunatoka maneno mawili matatu, mfano Data set in use, au Invalid option. Huo ni ujumbe mfupi. Watu wengi wanausoma huo wanaanza kuhangaika. Usihangaike, fanya hivi:

Usibonyeze Enter. Usiandike kitu. Bonyeza F1 na utatoka ujumbe mrefu, sentensi nzima, mara nyingi na jina khasa la dataseti au memba (faili dogo ndani ya dataseti) inayolalamikiwa. Usome wote. Kisha bonyeza F1 tena, sasa utaingia kwenye paneli, yaani skrini, ya msaada inayohusu hicho ulichokuwa unakifanya, na kwa baadhi ya makosa, kama lile la binti wa shangazi, inakuletea hata orodha ya walioshika kitu chako. F1 ya tatu ukiwa ndani ya msaada inakueleza jinsi ya kuutumia huo msaada wenyewe. Kutoka ni F3, unarudi pale pale ulipokuwa.

Watu hukosea mpangilio tu: wanaona kosa, wanabonyeza Enter kwanza kwa mazoea, ule ujumbe mfupi unafutika, halafu ndo wanakumbuka F1, wanaletewa msaada wa paneli nzima badala ya msaada wa kosa lao. Ikikutokea hivyo rudia lile kosa makusudi, kisha F1 moja kwa moja.

Kama hakuna kosa ila hujui tu kiboksi fulani unajaza nini, peleka kishale kwenye hicho kiboksi halafu F1. Paneli nyingi za ISPF zina maelezo ya kiboksi kimoja kimoja, si zote lakini nyingi.

Komandi tatu ndogo nazipenda hapa, andika kwenye mstari wa komandi:

PFSHOW ON
KEYS
PANELID ON

Ya kwanza inakuonesha chini ya skrini kila kitufe cha F kinafanya nini. Ya pili inakufungulia vitufe vyenyewe uvione na hata uvibadilishe, maana kuna maofisi yamebadilisha, F1 yao si HELP kabisa (ikiwa ndo hivyo andika neno HELP kwenye mstari wa komandi na ubonyeze Enter, ni sawa sawa). Ya tatu inakuandikia jina la paneli juu kushoto, na hilo jina ni dhahabu ukija kumuuliza mtu. Badala ya kumwambia "niko kwenye ile skrini yenye mistari ya buluu" unamwambia niko kwenye ISR@PRIM, anajua pale pale kuwa uko menyu kuu.

Mafunzo yaliyomo ndani ya ISPF

Ukiwa menyu kuu kabisa bonyeza F1, hapo unaingia kwenye mafunzo ya ISPF, ni kama kitabu kizima kimo humo. Hiki kitabu kina mwendo wake, hakiendi kama ukurasa wa intaneti. Enter inakupeleka ukurasa unaofuata. F11 mbele, F10 nyuma. F8 hapa haishushi ukurasa, inaruka mada nzima kwenda mada inayofuata, na F7 inakupandisha kwenye orodha ya mada ya juu yake. Hapa ndipo wageni wanapopotea, wanabonyeza F8 kwa mazoea wakidhani wanashuka chini, wanajikuta mada nyengine kabisa.

Kwa kuandika unaweza kutumia BACK, SKIP, UP, TOC na INDEX, au herufi ya mwanzo tu ya kila moja. Hiyo INDEX ndo ya kuzoea. Andika I, Enter, utaletewa faharasa ya herufi, chagua herufi, chagua mada. Unataka kujua kunakili mistari ndani ya edita? Nenda C utafute copy. Ndiyo, faharasa ni ya Kizungu na lazima ukisie wao wameliitaje hilo jambo, ukikosa neno moja jaribu jirani yake: si delete basi erase, si search basi find.

TSO HELP, mzee wa zamani lakini hajazeeka

TSO ina komandi inaitwa HELP na iko tokea enzi na enzi. Ukiwa READY (TSO tupu, nje ya ISPF) unaandika HELP peke yake unapata orodha ya komandi. Ukiwa ndani ya ISPF tanguliza TSO:

TSO HELP ALLOCATE

Itakumwagia kila kitu kuhusu ALLOCATE, na ALLOCATE ni ndefu jamani, utabonyeza Enter kwenye nyota tatu mpaka kidole kiume. Kwa hiyo punguza:

TSO HELP ALLOCATE FUNCTION
TSO HELP ALLOCATE SYNTAX
TSO HELP ALLOCATE OPERANDS(SPACE)

Ya mwanzo inakwambia kazi yake nini, ya pili inakupa namna ya kuiandika, ya tatu inakueleza kipengele kimoja tu ulichokitaja. Mimi naanza na SYNTAX, nikiona neno nisilolijua ndo naenda OPERANDS ya neno hilo. Ukichoka katikati bonyeza PA1, inakata.

Ubaya wa HELP ni kuwa maneno yakishapita yamepita, huwezi kurudi juu wala kutafuta neno. Njia ya kwanza ya kuponya hilo ni kuiendesha kwenye jobu ili maandishi yaende kwenye ripoti. Weka kadi ya JOB (mstari wa kuanzia jobu) ya kwenu, kisha:

//S1       EXEC PGM=IKJEFT01
//SYSTSPRT DD SYSOUT=*
//SYSTSIN  DD *
 HELP ALLOCATE
/*

Submiti, yaani itume, nenda SDSF (pa kutazamia majobu na ripoti zake), andika ST, weka S mbele ya jobu yako, sasa una msaada wote kwenye ripoti moja, unashuka unapanda unavyotaka, unaandika F 'SPACE' kisha F5 kwenda penye neno hilo tena na tena.

Njia ya pili ndo nnayoipenda zaidi. Hayo maelezo ya HELP hayatoki hewani, ni memba za kawaida kwenye dataseti, na kwa kawaida dataseti hiyo ni SYS1.HELP. Jina la memba ni jina la komandi. Ofisi yako huenda imeongeza za kwake, kuzijua andika:

TSO ISRDDN

Itakuja orodha ya dataseti zote ulizofunguliwa. Andika ONLY SYSHELP, na ikiwa ipo weka B mbele yake, umeingia. Ikiwa haipo bas nenda chaguo 3.4 kwenye menyu ya ISPF, andika SYS1.HELP, weka V mbele yake.

Fungua memba yoyote utaona mistari inaanza na mabano. )F ni maelezo ya kazi, )X ni namna ya kuandika, )O ni vipengele, na mabano mawili )) ni kila kipengele kwa jina lake. Kwa hiyo ukiwa ndani ya memba ya ALLOCATE ukaandika

F '))' 1 ALL

inakutafutia penye mabano mawili kwenye safu ya kwanza tu, na F5 inakurusha kutoka kipengele hadi kipengele. Mwalimu mmoja wa mbali aliniuliza nimejuaje, nikamwambia nimefungua tu nikaangalia ndani.

Kuchambua karafuu

Huku Pemba kila mtoto ashakaa mkekani kuchambua karafuu, karafuu huku, makonyo kule. Kutafuta kwenye meinfremu ni hivyo hivyo, mistari elfu tatu na zako ni kumi.

Ukiwa kwenye View au Edit, andika hizi mbili zikifuatana:

X ALL
F 'SPACE' ALL

Ya kwanza inaficha mistari yote. Usishtuke skrini ikiwa tupu, haijafuta kitu. Ya pili inafichua ile tu yenye neno lako. Makonyo yote yamebaki pembeni, unasoma karafuu tupu. Ukitaka kuona mistari iliyo karibu na mmojawapo nenda kwenye ule mstari wa vidoti unaosema mingapi imefichwa, weka F kuona wa kwanza wake au L kuona wa mwisho. Kurudisha yote andika RESET.

Hii haifanyi kazi kwenye Browse, wala kwenye ripoti ya SDSF ukiingia kwa S. Lakini ukiingia ripoti kwa SE badala ya S, SDSF inakufungulia ripoti ndani ya edita ya ISPF, na X ALL inafanya kazi. Hii SE imeniokoa mara nyingi kuliko nnavyoweza kuhesabu.

Ukiwa hujui neno liko memba gani, fungua orodha ya memba na uandike SRCHFOR, taja neno, itapita memba zote na kuziwekea alama zenye neno hilo. Au nenda chaguo 3.14 kwenye menyu, utaje dataseti na neno, itakuletea ripoti ya kila mstari. Nikiwa sijui komandi inaitwaje lakini najua inafanya nini basi natafuta kitenzi chake kwenye SYS1.HELP nzima kwa 3.14. Mara ya mwanzo nilipotafuta RENAME hivyo nilipata komandi mbili nilizokuwa sijawahi kuzisikia.

Nani kasema? Kusoma kodi za ujumbe

Hapa ndo penye utamu, nami sitapapita haraka.

Jobu imekufa, ripoti imejaa kodi. Kila kodi ina jina la mwenyewe mbele. IEF ni wa kupanga na kuendesha majobu, IEC ni wa kusoma na kuandika dataseti, IKJ ni TSO, ICH ni RACF yaani ulinzi, $HASP ni JES2, IGD ni SMS (si ya simu), wa kugawa nafasi za diski, IDC ni IDCAMS, IGY ni kompaila ya COBOL, CEE ni mazingira ya kuendeshea lugha, DFH ni CICS ya kuendesha miamala, DSN ni Db2 ya hifadhidata. Herufi ya mwisho nayo ina maana: I ni taarifa, W onyo, E kosa, A inataka mtu afanye jambo, D inangoja uamuzi. Lakini usiidharau I ukadhani haina shida, ujumbe mwingi wa vifo vya majobu unaishia na I.

Chukua huu: IEC141I 013-18. IEC, kwa hiyo ni mambo ya dataseti. 013 ndo kodi ya kifo, na 18 ndo sababu yenyewe, kuwa memba uliyoitaja haimo ndani ya dataseti. Mtu akikwambia "nimepata 013" hajakwambia kitu, maana 013 zina sababu nyingi, muulize ile namba ya baada ya kistari.

Au ICH408I. Huu ujumbe ni wa kusoma wote kwa sababu jibu limo ndani yake: unataja mtumiaji nani, dataseti gani, alitaka ruhusa gani na anayo ruhusa gani. Ukiona ACCESS INTENT(UPDATE) na chini yake ACCESS ALLOWED(READ) maana yake unaruhusiwa kusoma tu na ulitaka kuandika. Hapo hakuna cha kutafuta tena, mwandikie mwenye dataseti, mpe mistari hiyo kama ilivyo.

Vifo vyengine vya kila siku: S0C7 ni hesabu imefanywa kwenye data isiyo namba. S806 programu haikupatikana, na juu yake tafuta CSV003I itakutajia jina la programu. S322 muda umeisha. S222 mtu kaikata jobu. SB37, SD37, SE37 ni nafasi ya diski. S913 ni ruhusa, rudi kwa ICH408I.

Na kanuni ya kusoma ripoti ni kuanzia juu. Kosa la kwanza ndo mzazi, yaliyobaki ni watoto. Kwenye SDSF weka ? mbele ya jobu, itakupasulia ripoti vipande vipande, ingia JESMSGLG kwanza kisha JESYSMSG.

Ukishajua kodi, maelezo yake yako wapi? Kuna ofisi zina QuickRef (programu ya kueleza kodi), jaribu kuweka kishale juu ya kodi na kuandika TSO QW, ikikubali umebahatika, inakueleza hapo hapo. Isipokubali bas vitabu. Vitabu vya MVS System Messages ni juzuu 10 zilizopangwa kwa herufi za mwanzo (za IEF mpaka IGD ziko juzuu ya 8), na kodi za vifo kama 0C7 zina kitabu chao mbali kinaitwa MVS System Codes. Lakini shika hili, IKJ, ICH na $HASP hazimo kwenye zile juzuu 10, zina vitabu vyao, TSO/E, RACF na JES2. Kuna siku nilitafuta IKJ56500I kwenye juzuu zote mpaka adhana ya alfajiri. Na maana yake ni kuwa komandi uliyoandika haipo! Nilikuwa nimekosea herufi moja.

PDF zote zinapatikana bure kwenye tovuti ya IBM. Zishushe mara moja siku una bando la kutosha au uko pahala penye waifai, weka kwenye flashi, usiku mtandao ukikata unatafuta humo humo.

SDSF, CICS, Unix na z/VM

SDSF ina F1 yake lakini ina na kitu kizuri zaidi, komandi ya SEARCH. Andika SEARCH na neno, inatafuta ndani ya msaada wa SDSF wote. Nyengine ni COLSHELP, inakueleza kila safu unayoiona kwenye jedwali maana yake nini, maana zile safu ni nyingi na vifupi vyake havisomeki.

CICS: kuna transaksheni inaitwa CMAC, kazi yake ni kukueleza ujumbe wa DFH na kodi za vifo kama ASRA na AICA, ila mpaka walioiweka hiyo CICS wawe wameipakia. Na ukitaka kujua namna ya kuandika amri za EXEC CICS tumia CECS, unaandika amri inakukagulia bila kuifanya. Ndugu yake CECI inaifanya kweli kweli, usije ukachanganya kwenye mfumo wa watu.

Upande wa Unix, ukiingia kwa TSO OMVS, ni man kama Linux: man ls, na usipojua jina la komandi man -k na neno lolote. Hapa sina la ziada.

z/VM, mfumo mwengine wa meinfremu, ni nyumba nyengine kabisa, lakini HELP yake ni tamu kuliko zote. Andika HELP peke yake uchague, au HELP na jina la komandi, au HELP na kodi ya ujumbe wenyewe kama DMS002E na inakueleza kodi hiyo papo hapo. Wallahi natamani TSO ingekuwa hivyo.

Wale mnaotumia Zowe (komandi za kuongea na meinfremu) kutoka kwenye laptopu, mwisho wa komandi yoyote ongeza --help, au --help-examples kupata mifano tu, na --help-web inafungua msaada kwenye brauza ambapo unaweza kutafuta kwa raha.

Pa kufanyia mazoezi bila ofisi

Z Xplore ya IBM (mafunzo ya mtandaoni) ni bure na unapata z/OS ya kweli, ndo mfumo wenye hizi TSO na ISPF, lakini inataka mtandao. Umeme na mtandao wetu tunaujua. Aliyekuwapo Unguja baina ya Disemba 2009 na Machi 2010 kisiwa kizima kikiwa gizani hahitaji kuelezwa.

Kwa hiyo weka na Hercules (programu inayoigiza meinfremu) kwenye laptopu, pamoja na MVS 3.8j, mzee wa z/OS, ya kifurushi cha TK4-. Unaiwasha, unaunganisha emuleta kwenye laptopu yako mwenyewe poti 3270, unaingia kwa HERC01 na neno la siri CUL8TR. Ni mfumo wa zamani, ISPF ya IBM haimo, kuna mbadala wake, lakini ukitoka kwenye menyu mpaka READY ukaandika HELP, inajibu. SYS1.HELP imo, ifungue. Betri ya laptopu ikiwa na saa mbili una saa mbili za darasa.

Daftari lako

Ofisi moja niliyoifanyia kibarua kwa mbali walikuwa na paneli walizozitengeneza wenyewe, nzuri kwa macho, lakini F1 ndani yake ilikuwa haileti chochote. Aliyezitengeneza alishaondoka na msaada hakuuandika. Tokea siku hiyo natengeneza dataseti yangu, PDS (dataseti yenye memba ndani), naiita kwa ID yangu na .NOTES, na kila kodi iliyonitesa inakuwa memba: ujumbe wenyewe kama ulivyotoka, ilikuwa nini, niliponyaje, tarehe. Kisha SRCHFOR inanitafutia.

Jina la memba mwisho herufi 8. IEC141I inaenea, ICH408I inaenea, $HASP395 inaenea kwa kubana maana alama ya dola inaruhusiwa. IKJ56500I ni 9 haiingii, hizo nazikata herufi ya mwanzo ya I, KJ56500I, na memba ya mwanzo ya dataseti nzima nimeiita $SOMA, ndani yake nimeandika hiyo kanuni ya kukata, maana niliwahi kuisahau mwenyewe.